Nne Nukta Mbili

Sogea karibu nikutegee kitendawili kimoja, na usijibu haraka. Nina watoto wamepanga mstari, kila mmoja ana jina lake. Akizaliwa mwingine katikati yao, wote walio nyuma yake hubadilisha majina saa ile ile, na hakuna anayelia wala anayemsukuma mwenzake. Ni nani hao?

Usiniambie ni wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Wanafunzi nawajua mimi. Akiingia mmoja katikati, mstari mzima unawaka moto. Umeshindwa? Sikudai mji leo, maana miji niliyopewa ni mingi na sina pa kuiweka. Jibu ni namba za vichwa vya kitabu, zile zinazokaa mbele ya kila sura na kila sehemu, zikiwa zimewekwa na kompyuta yenyewe. Zikiwekwa kwa mkono wa mtu, hapo mambo hubadilika, na ndiyo habari ninayotaka kukusimulia.

Palikuwa na msichana wa darasa la sita aliyeitwa Upepo. Hilo si jina la kwenye cheti; walimpa majirani. Ukimtuma dukani alirudi kabla hujakumbuka ulichosahau kumwagiza. Vyombo aliviosha upesi hivi kwamba vingine vilikauka na povu lake. Watu walicheka na kumsifu, naye alizoea kusifiwa.

Wakati wa likizo Upepo alishinda kwa shangazi yake, aliyekuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala, chumba chembamba kati ya kinyozi na fundi cherehani. Kila asubuhi Upepo alifagia, akafungua dirisha la chuma, akatoa kitambaa kilichofunika kompyuta na kufuta vumbi kwenye kioo chake. Kwenye kibodi, herufi A ilikuwa imefutika kwa kubonyezwa, na Shangazi alikuwa ameichora upya kwa wino mweupe. Printa ilikoroma kwanza kama mzee anayeamshwa, ndipo ikaanza kazi. Wateja walikuja na barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, matangazo ya misiba. Kazi ya Shangazi ilijulikana mtaa mzima kwa usafi wake.

Likizo hiyo Shangazi alikuwa ameteleza kwenye ngazi yenye maji na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mkono wote ulikuwa ndani ya plasta mpaka kwenye kiwiko, umening'inizwa shingoni kwa kitenge. Kwa kuwa Upepo alijua kuchapa kwa vidole vyote, yeye ndiye aliyekaa kwenye kompyuta, na Shangazi akahamia mezani mbele, akipokea wateja kwa mkono wa kushoto na kulalamika kwamba mkono huo haujawahi kwenda shule.

Ndipo akaja Sista. Hivyo ndivyo kila mtu alivyomwita muuguzi mkuu wa zahanati, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, asiyependa maneno mengi. Alileta karatasi alizoziandika kwa kalamu, rundo zima. Alieleza kwamba ni mwongozo wa wahudumu wa afya, wale wanaokaa kwenye vitongoji vya mbali ambako gari halifiki kila siku na simu hushika mtandao pale tu unapopanda kilima. Wahudumu hao wangekuja kwenye mafunzo, na wakirudi kwao kila mmoja angebeba kitabu chake.

Shangazi aliuliza kama kuna haraka. Sista alilainisha ukingo wa karatasi ya juu kwa kidole, kisha akasema, "Mwaka jana mtoto mmoja alipata homa. Mhudumu wake hakuwa na mwongozo, akakisia. Alimpa mtoto kipimo cha mtu mzima. Mtoto hakuamka."

Hata mteja aliyekuwa akihesabu nakala zake aliacha.

"Kwa hiyo nataka kitabu ambacho mtu hakisii," Sista akasema. "Akiambiwa nenda sehemu fulani, aende, akute kinachomhusu."

Alipoondoka, Shangazi alivuta kiti akaketi kando ya Upepo. Alimwonyesha jinsi kitabu kilivyopangwa: sura, na ndani ya sura kuna sehemu. Sura ya nne ilihusu homa. Nne nukta moja ilikuwa kipimo cha dawa kwa mtu mzima, nne nukta mbili kipimo cha mtoto. Na kurasa za mbele zilikuwa zikimrudisha msomaji huko kila mara: mgonjwa akiwa hivi, angalia nne nukta moja, akiwa vile, angalia nne nukta mbili.

Alimwambia asiandike namba hizo kwa mkono hata moja. Juu ya kioo kulikuwa na orodha ya mitindo. Kichwa cha sura kipewe mtindo wa Kichwa cha Kwanza, kichwa cha sehemu kipewe Kichwa cha Pili. Kisha afungue namba za ngazi, aifunge ngazi ya kwanza na mtindo wa kwanza, ngazi ya pili na mtindo wa pili, na kompyuta itahesabu yenyewe. Na pale msomaji anapoelekezwa kwenda sehemu nyingine, hapo pia asiandike namba. Aiambie kompyuta imwekee rejeo, ili namba ikibadilika kule, na huku ibadilike.

Shangazi alieleza hayo yote huku akimjibu mwanamume mmoja aliyesimama mlangoni akitaka nakala ya kitambulisho, ambaye kila alipotajiwa subira alitazama saa yake. Kidole cha Shangazi kilipita juu ya kioo, kikafungua hiki, kikafunga kile. Mwishoni akamgeukia Upepo.

"Umeelewa?"

Upepo akaitikia kwa kichwa. Shangazi akaenda kumhudumia yule mwanamume.

Upepo akaanza. Alichapa kichwa cha sura ya kwanza, akakichagulia mtindo. Maandishi yakawa makubwa, yakageuka rangi ya bluu. Alibonyeza penye namba, ikaja moja. Alipofika kwenye sehemu ya kwanza ya sura hiyo alitarajia moja nukta moja, ikaja mbili. Alibonyeza kwingine. Aya nzima ikaruka kuelekea kulia na kila mstari ukapata namba yake, kama kuku waliotawanyishwa. Alifuta. Alijaribu tena, ikawa vibaya zaidi. Alitazama nyuma, Shangazi alikuwa akicheka na mteja, mgongo umemgeukia.

Basi Upepo alifuta kila kitu, akaandika kwa vidole vyake mwenyewe: moja, nukta, moja. Akayafanya maandishi kuwa mazito, akayaongeza ukubwa kidogo. Akarudi nyuma akatazama. Yalipendeza. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hayakuwekwa na kompyuta.

Tangu hapo kazi ikaenda mbio. Sura ikafuata sura. Kila Sista alipoandika angalia sehemu fulani, Upepo aliandika namba kama alivyoiona kwenye karatasi. Hata ukurasa wa yaliyomo aliuchapa kwa mkono, akipanga nukta ndogo ndogo mpaka kwenye namba za kurasa. Mama wa kinyozi aliyekuja kuomba moto wa jiko alisimama nyuma yake akasema vidole hivyo vimekunywa petroli.

Alipomaliza, Shangazi aliuliza kutoka mezani, bila hata kuinua macho kwenye stakabadhi alizokuwa akizipanga kwa shida, "Mitindo umetumia, si ndiyo?"

"Ndiyo, Shangazi."

Neno lenyewe fupi. Lilitoka bila kukwama popote.

Sista alipokuja dukani kuona nakala ya kwanza aliisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, na mara mbili alitikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini alikuwa amekumbuka jambo. Mhudumu kabla ya kutoa dawa ya homa ni lazima atazame dalili za hatari, kwa hiyo sehemu ya dalili hizo iingie mwanzoni mwa sura ya nne, kabla ya vipimo. Aliomba radhi kwa kuwaongezea kazi.

Shangazi alimwambia asijali. Alimweleza, kwa sauti ya mtu anayejivunia ufundi wake, kwamba kitabu kilichopangwa kwa mitindo hakisumbui: unaandika kichwa kipya, na namba zote zilizo nyuma zinasogea zenyewe, na kila rejeo linafuata. Ni kazi ya kupumua mara moja.

Upepo alisikia hayo yote. Hapo ndipo angeweza kusema. Sista alikuwa amesimama pale pale, Shangazi pale pale, na hakuna karatasi hata moja iliyokuwa imetoka nje ya duka. Angesema, angekaripiwa, yakaisha. Lakini aligeukia kioo.

Aliingiza sehemu mpya, akaiita nne nukta moja. Kipimo cha mtu mzima kikawa nne nukta mbili. Kipimo cha mtoto kikawa nne nukta tatu. Kisha akaanza kuzifuata namba kwa macho, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayeokota dengu zilizomwagika sakafuni. Hapa nne nukta mbili, fanya nne nukta tatu. Hapa nne nukta moja, fanya nne nukta mbili. Shangazi alishangaa kwamba bado hajamaliza, akatania kwamba leo upepo umetulia. Upepo akacheka kidogo, akaharakisha.

Wakachapa. Wakatoa nakala, wakapanga kurasa, wakatoboa matundu pembeni na kuvitia vitabu waya wa plastiki mgongoni. Kesho yake asubuhi mfanyakazi wa zahanati alikuja na toroli akayachukua maboksi, maana mafunzo yalikuwa yanamalizika siku ile na wahudumu wangeondoka jioni.

Nakala moja ilibaki dukani, ile iliyotoka na mistari ya wino uliofifia. Shangazi alimpa Upepo aitumie nyuma kwa kuchorea.

Muda si mrefu akaja rafiki yake, aliyeitwa Kicheko kwa sababu hata msibani ilibidi akae nyuma ya watu. Kicheko alipoiona ile nakala aliikamata, akavaa kitambaa cheupe cha kufunikia kompyuta kichwani, akatangaza kwamba yeye sasa ni mhudumu wa afya na foleni ianze. Upepo aliviringisha kitenge alichokuwa amejifunga kiunoni, akakibeba kama mtoto, akajifanya mama.

Alisema mwanawe ana homa tangu jana na hanyonyi vizuri. Kicheko akakunja uso kama Sista, akafungua kitabu kwenye ukurasa wa watoto wachanga, akapitisha kidole.

"Mama, usilie, hapa serikali imefika," akasema. "Inasema mtoto mwenye homa, kwa kipimo cha dawa, angalia nne nukta mbili." Akafunua kurasa kwa mbwembwe. "Nne nukta mbili hii hapa. Vidonge viwili vizima, asubuhi, mchana na jioni. Haya mfungue mdomo."

Akachukua vifutio viwili juu ya meza, akavisogeza kwenye kile kitenge.

Upepo alimshika mkono.

Kicheko alidhani bado ni mchezo, akamwambia mama asiogope sindano. Upepo alimnyang'anya kitabu. Akasoma. Akarudi ukurasa wa watoto wachanga, akasoma tena. Nne nukta mbili. Ilimpita. Katika zote alizozifuata kwa macho, hii moja ilimpita, na ilikuwa ukurasa wa watoto wadogo kuliko wote.

Kicheko aliuliza kuna nini, akaangalia uso wa mwenzake, na kwa mara ya kwanza siku ile akanyamaza.

Nikwambie kilichopita kichwani mwa Upepo, kwa sababu kingepita kichwani mwa yeyote. Alijiambia kwamba wahudumu ni watu wazima, wataona kichwa kimeandikwa mtu mzima. Alijiambia kwamba angeweza kusahihisha kwenye kompyuta sasa hivi, na vitabu vya baadaye vikawa sawa, na hivi vya leo nani atavijua. Alikaa akiyapima hayo, na kile kitenge kilikuwa kimelala mapajani mwake, kimeviringishwa kama alivyokiviringisha, na vifutio viwili juu yake.

Akakiweka chini, akaenda mezani kwa Shangazi.

Alimwambia yote akiwa amesimama wima, bila kuzunguka: kwamba hakutumia mitindo, kwamba namba zote aliziandika kwa mkono, kwamba ukurasa wa watoto wachanga unampeleka mtu kwenye kipimo cha watu wazima, na kwamba maboksi yamekwenda.

Shangazi aliinuka, akaenda kwenye kompyuta, akafungua faili. Kwa mkono wake wa kushoto, taratibu, aliiambia kompyuta itengeneze ukurasa wa yaliyomo yenyewe. Kompyuta ikajibu kwamba haikuona kichwa hata kimoja. Kitabu kizima, sura zote na sehemu zote, kwake kilikuwa maandishi matupu yasiyo na mpangilio.

Shangazi alilitazama jibu hilo kwa muda. Kisha akamtazama mtoto wa kaka yake.

"Kwa nini uliniambia ndiyo?"

Upepo aliinama, akaanza kukikunjua kile kitenge.

"Basi," Shangazi akasema. "Swali hili lina deni, lakini si la sasa. Funga dirisha. Tunakwenda zahanati."

Walikwenda kwa miguu, na safari hii Shangazi ndiye aliyekuwa mbele. Plasta ilimgonga kifuani kila hatua. Kicheko aliachwa akilinda mlango, kitambaa cheupe bado kichwani.

Ukumbi wa zahanati ulikuwa umejaa wanaume na wanawake kwenye mabenchi, kila mmoja ana kitabu mapajani. Wengine walikuwa wamekwisha kukivika gazeti kisichafuke. Mama mmoja mzee alikuwa akipapasa jalada kwa kiganja kana kwamba ni kitambaa cha sikukuu. Upepo aliyaona hayo akiwa mlangoni.

Sista alitoka nje akawasikiliza. Shangazi alianza kueleza, lakini akasimama katikati akamsogeza Upepo mbele, na Upepo akarudia maneno yale yale aliyoyasema dukani. Yalikuwa magumu kuliko mara ya kwanza. Sista hakumkaripia. Aliuliza ukurasa, akaufungua, akausoma, na uso wake ukawa kama ukuta.

Upepo akajitetea kidogo, kwa sauti ndogo, kwamba kichwa cha juu kimeandikwa mtu mzima.

"Kimeandikwa," Sista akajibu. "Lakini mtu aliye na mtoto anayetetemeka mikononi, na mama yake analia pembeni, na taa ni ya kuazima, hasomi kichwa. Anatafuta namba niliyomwambia. Amewekewa kitabu mkononi ili asifikiri mambo mawili kwa wakati mmoja. Namba ndiyo inayofikiri badala yake."

Akaingia ukumbini, akaomba vitabu vyote virudishwe mbele. Palikuwa na minong'ono. Akawaambia ukweli, kwamba kuna kosa, kwamba litasahihishwa, na kwamba hakuna atakayeondoka na kitabu hicho. Vitabu vikarudi mkono kwa mkono. Alipovihesabu kwa macho, akasita. Aliuliza yuko wapi mhudumu wa kule milimani. Mtu wa benchi la nyuma akasema kwamba aliomba ruhusa kuwahi gari la asubuhi kwa sababu ya mtoto mgonjwa kwa jirani yake. Kitabu alikwenda nacho.

Sista alipiga simu yake. Haikupatikana. Akapiga tena, hivyo hivyo. Mwishowe alimkumbuka mwenye duka la kituo ambako gari hilo huishia, akampigia, akamsihi asimame barabarani na asimwache mama huyo apite. Kisha akawageukia Shangazi na Upepo, akawaambia waende wakafanye kazi yao, yeye atasubiri.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia ndefu, ya kurudi dukani, huku hawajui kama mhudumu yule atapatikana.

Shangazi alimkalisha Upepo kwenye kompyuta. Mlango ukafungwa nusu, na wateja wakaambiwa na Kicheko kwamba leo hapana, na wala hakucheka. Safari hii Shangazi hakueleza kwa kupita. Alisema jambo moja, akangoja lifanyike, ndipo akasema la pili. Namba zote zilizoandikwa kwa mkono zikafutwa kwanza. Kila kichwa kikapewa mtindo wake. Kisha wakafungua namba za ngazi, na pale ambapo Upepo alikwama siku ile, Shangazi aliweka kidole kwenye kioo akakiacha hapo hapo.

"Ngazi ya pili umeifunga na mtindo gani?"

Upepo akatazama. Haikufungwa na chochote. Ndiyo maana sehemu ilikuja kuwa mbili badala ya moja nukta moja. Kompyuta haikujua kwamba huyu ni mtoto wa yule. Akaifunga. Na mara, toka juu mpaka chini, namba zikakaa: sura kwa sura, sehemu chini ya sura yake.

Wakaweka kila rejeo. Shangazi akamwambia aandike kichwa cha uongo katikati ya sura ya nne, kisha achague maandishi yote na aiambie kompyuta isasishe, yaani ihesabu namba upya. Kipimo cha mtoto kikasogea kuwa nne nukta nne, na kule mbele, ukurasa wa watoto wachanga, namba ikabadilika nayo kuwa nne nukta nne. Wakakifuta kile kichwa, wakasasisha tena, vyote vikarudi mahali pake. Waliporudia kusoma rejeo moja moja wakilinganisha na karatasi za Sista, walikuta kosa jingine ambalo Upepo hakulijua, lililompeleka mwenye jeraha la moto kwenye sura ya minyoo. Shangazi alilisoma kwa sauti, akaendelea.

Hatimaye akaomba yaliyomo. Ukurasa ukajaa.

Printa ikakoroma. Walipofika zahanati na maboksi mapya, jua lilikuwa limelala kwenye ukuta wa ua. Sista alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, simu mkononi. Upepo alisimama mbali kidogo, hakuthubutu kuuliza.

"Amepatikana," Sista akasema. "Mwenye duka alimshika akiwa ameshaanza kupanda mlima. Nimemwambia kwa simu ya mwenye duka achukue kalamu, akate namba ile na aandike nne nukta tatu, kisha anisomee. Kanisomea mara mbili. Mtoto wa jirani yake nimemtajia kipimo kwa mdomo. Kitabu kipya kitamfuata kwa gari lijalo."

Upepo akakaa chini pale pale alipokuwa, kwenye saruji, akajifunika uso. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Wahudumu walipokwisha kugawiwa vitabu na kuanza kutawanyika, Sista alimwita akae kati yake na Shangazi. Alizungumza kama anavyozungumza na wagonjwa, polepole, bila kuinua sauti.

"Kitabu chako cha kwanza kilikuwa kizuri, mwanangu. Nilikisoma nikiwa nimesimama na sikuona kasoro. Ndiyo hatari yake. Kazi inayofanana na kazi nzuri huwapita watu wote, mpaka imfikie yule atakayeiegemea, na huyo ndiye hana pa kushika. Umesema leo, na kwa kusema kwako hakuna aliyeumia, nami nakushukuru. Lakini ukweli ulikuja kwako mapema, wakati ulikuwa mwepesi kubeba, ukauacha upite. Mara nyingine ubebe ungali mwepesi. Usiwe mwepesi wa mikono tu."

Upepo akaitikia, safari hii kwa sauti.

Sista akainuka kwenda kuwaaga watu wake. Wakabaki wawili kwenye benchi. Shangazi aliurekebisha mkono wake kwenye kitenge, akatazama lango ambako wahudumu walikuwa wakitoka na vitabu vyao kwapani.

"Nilipokuwa nakufundisha leo nimekuangalia," akasema. "Nilidhani ni uvivu, nikadhani ni zile haraka zako. Lakini mtu mvivu hakai akazifuata namba za kitabu kizima kwa macho. Hiyo ni kazi kubwa kuliko ile uliyoikimbia. Kwa hiyo nakuuliza tena, na sasa nina nafasi ya kusikia. Kwa nini uliniambia ndiyo?"

Upepo alikwangua wino uliokauka kwenye kidole chake mpaka ukatoka.

"Sikuelewa, Shangazi. Uliponiuliza kama nimeelewa niliitikia kwa kichwa, na sikuwa nimeelewa hata kidogo. Niliona aibu. Ile 'ndiyo' ya pili niliisema ili usiione ile ya kwanza."